Boda, mobile money na data za watu: kusoma uchumi wa majukwaa ukiwa Kampala

Mwanafunzi anayetaka kuandika tasnifu kuhusu majukwaa ya kidijitali hapa Uganda mara nyingi huja na swali la aina hii: "Je, programu za boda zinawanufaisha wananchi?" Swali hilo halipimiki. Halisemi nani analipa, analipa nini, wala nini kingebadilika kama ada ingetoka mfuko mwingine. Halisemi pia ni data zipi zinachukuliwa njiani na nani anafaidi nazo. Makala haya ni ya mtu aliyekwisha kuamua kusoma taaluma hii, awe Makerere, Nakawa, Gulu au Mbarara, na anataka kujua aanzie wapi, takwimu ziko wapi, na zitamdanganya vipi. Hilo la mwisho ndilo litakalochukua nafasi kubwa, maana sehemu kubwa ya maandishi ya somo hili yaliandikwa yakiwaza masoko ambamo mtu mmoja ana laini moja na akaunti moja ya benki.

Hakikisha kwanza soko lina pande mbili kweli

Soko la pande mbili ni lile ambamo jukwaa linakutanisha makundi mawili, mfano madereva na abiria, na mgawanyo wa ada kati yao una athari. Mwaka 2006 wanauchumi Jean-Charles Rochet na Jean Tirole waliweka kipimo ambacho hadi leo ndicho kinachofaa kuanza nacho. Shikilia jumla ya ada inayochukuliwa na jukwaa isibadilike, kisha hamisha mzigo kutoka upande mmoja kwenda mwingine. Idadi ya miamala ikibadilika, soko lina pande mbili. Isipobadilika, unachokitazama ni biashara ya kawaida yenye programu ya simu.

Chukua safari ya boda ya shilingi 5,000. Jukwaa linamkata dereva 15%, yaani 750, naye anabaki na 4,250. Sasa waza kwamba jukwaa hilohilo limemwachia dereva 5,000 zake zote, likamwongezea abiria 750 kama ada ya huduma, hivyo abiria analipa 5,750. Jukwaa limepata 750 katika hali zote mbili. Kama dereva na abiria wangeweza kupatana upya, wangerudi palepale: dereva angeshusha bei hadi 4,250, abiria angeishia kutoa 5,000, na idadi ya safari isingetikisika. Kinachozuia hilo ni kwamba bei inapangwa na programu.

Ila Kampala wanaweza kupatana. Dereva anapokea ombi, anapiga simu, anauliza "unaenda wapi?", kisha anasema futa, nilipe kesh. Kila safari inayofutwa namna hiyo ni safari ambayo pande mbili zimeukataa mgawanyo wa jukwaa. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo namba muhimu kuliko zote katika soko la boda mjini, na huwezi kuikuta kwenye taarifa za majukwaa kwa umma. Ukimuuliza dereva moja kwa moja kwenye steji, yaani kituo wanapongojea abiria, atasema yeye hafanyi hivyo, labda wale wa steji ile ya pili.

Kwa kuwa hatakiri, tumia mbinu ya orodha. Wagawe madereva makundi mawili kwa bahati nasibu. Kundi la kwanza lisomewe kauli nne zisizo na aibu (nimejaza mafuta leo, nimebeba mzigo wiki hii, na nyingine za namna hiyo), kila mmoja aseme ni ngapi zinamhusu bila kutaja zipi. Kundi la pili lisomewe hizohizo nne na ya tano: wiki hii nimemwomba abiria afute safari tulipane nje. Wastani wa kundi la kwanza ukiwa 1.9 na wa la pili 2.3, ile tofauti ya 0.4 ni makadirio kwamba 40% walifanya hivyo.

Wengi wanaangukia kwenye ukubwa wa sampuli. Mkengeuko sanifu wa majibu, yaani kipimo cha jinsi yanavyotawanyika, ukiwa karibu na 1, watu 200 kwa kila kundi wanakupa kosa sanifu (kiasi cha kuyumba kwa makadirio) la 0.1. Kwa kawaida huchukuliwa makosa sanifu mawili kila upande, kwa hiyo 40% yako yaweza kuwa 20% au 60%. Ukitaka pointi 10 tu kila upande, unahitaji watu 800 kwa kila kundi. Namna ya kupunguza gharama ni kuchagua kauli zinazokinzana, ambapo anayekubali moja aghalabu hukataa nyingine, ili jumla zisitawanyike sana. Hilo pia linakukinga na tatizo la pili: dereva ambaye kauli zote nne zinamhusu anajua kwamba akitamka "tano" amejiumbua, kwa hiyo atasema nne, na makadirio yako yatashuka bila wewe kuona.

Tukiwa bado kwa madereva: wahesabu wenye programu mbili au tatu kwenye simu moja, na uwahesabu abiria vilevile. Mwanauchumi Mark Armstrong alionyesha mwaka 2006 kwamba upande unaojisajili kila mahali ndio unaokamuliwa, na upande unaokaa na jukwaa moja ndio unaobembelezwa kwa bei na ofa. Tasnifu inayouliza upande mmoja tu kuhusu programu wanazotumia haiwezi kusema lolote kuhusu ushindani.

Na nguvu ya wingi, ile ya abiria kuvuta madereva na madereva kuvuta abiria, usiipime kwa nchi nzima. Dereva aliyeko Ntinda hamsaidii kitu abiria aliyeko Entebbe. Wingi hufanya kazi kwa mtaa na kwa saa, ndiyo maana jukwaa lenye nguvu hapa laweza kushindwa kwa jirani. SafeBoda, jukwaa la boda lililozaliwa Kampala, ilifunga shughuli zake za Kenya Novemba 2020. Jumia, jukwaa la kuuza bidhaa mtandaoni, ilifunga huduma yake ya chakula mwishoni mwa 2023 katika masoko yote ilimokuwa ikiiendesha, Uganda ikiwemo, wakati biashara yake ya bidhaa iliendelea. Igawe ramani ya mji kwa viboksi vya kilomita moja kwa moja, uhesabu kwa saa. Namba moja ya "Kampala" haikufikishi popote.

Mobile money, mahali ambapo takwimu ni nyingi na mitego ni mingi zaidi

MTN ilianzisha mobile money hapa mwaka 2009, na tangu hapo mfumo wa bei umebaki na umbo lilelile: kuweka pesa ni bure kwa mteja, kutoa kunalipiwa, na wakala hupata kamisheni pande zote mbili. Maana yake anayetoa ndiye anayembebea anayeweka. Mfumo huo ni wa busara, kwa sababu bila pesa kuingia hakuna cha kutuma wala cha kutoa. Lakini unazaa tabia mbili zinazoharibu takwimu.

Ya kwanza ni kuweka moja kwa moja kwenye namba ya mtu mwingine. Kwa kuwa kuweka ni bure na kutuma kuna ada, mteja anampa wakala pesa taslimu na namba ya ndugu yake aliyeko mbali. Kwenye mfumo inaonekana ndugu ameweka akiba. Pesa iliyowekwa Kikuubo saa nne asubuhi na kutolewa Lira saa nne na nusu haikusafiri na mwenyewe. Ukipata data za miamala zenye mahali pa wakala, weka kanuni: kama muda kati ya kuweka na kutoa ni mfupi kuliko mtu angeweza kusafiri umbali huo kwa gari, hesabu kuwa ni kutuma. Kama huna mahali, angalau usiandike kwamba ongezeko la pesa zilizowekwa ni ongezeko la akiba.

Ya pili ni wakala kupasua muamala. Kamisheni huja kwa ngazi. Tuseme kuweka 500,000 kunampa wakala 1,000, na kuweka 250,000 kunampa 600. Akiziweka zile 500,000 za mteja kwa mafungu mawili anapata 1,200. Mteja hapotezi kitu, mtandao unapoteza 200, na takwimu zako zinaonyesha miamala miwili midogo badala ya mmoja mkubwa. Kuigundua, tafuta miamala miwili au zaidi kwa wakala yuleyule, namba ileile, ndani ya dakika kumi, kisha ijumlishe. Fanya hivyo kabla ya kuhesabu chochote, hasa kabla ya kukokotoa wastani wa ukubwa wa muamala.

Ngazi za ada upande wa mteja zinakupa zawadi kwa upande mwingine. Ada ya kutoa inaporuka kwenye kiwango fulani, watu hutoa kidogo chini ya mpaka huo. Chora idadi ya miamala kwa kila shilingi 1,000 kuzunguka mpaka wa ngazi. Kilima kinachojitokeza upande wa chini, ukikilinganisha na mteremko ungekuwaje bila mpaka, kinakuambia watu wanajali ada kiasi gani. Tatizo ni kwamba wateja hupenda namba za mviringo. Mpaka ukiwa 60,000 na kilima kikawa 60,000 kamili, hujui ni ada au ni mazoea. Linganisha na 70,000, 80,000 na 90,000 ambazo hazina mpaka, utoe ule urefu wa kawaida wa namba ya mviringo, ndipo usome kilichobaki.

Kisha kuna Julai 1, 2018, tarehe ambayo kila mwanafunzi anaikimbilia. Siku hiyo ilianza kodi ya 1% kwa miamala ya mobile money, ambayo baadaye mwaka huohuo ilipunguzwa ikawa 0.5% na kubaki kwa kutoa pesa tu. Inavutia kulinganisha kabla na baada. Lakini siku hiyohiyo ilianza kodi ya mitandao ya kijamii ya shilingi 200 kwa siku, nayo ililipwa kwa mobile money. Sera moja ilikuwa inapunguza miamala na nyingine inaizalisha, tena miamala midogo sana ya kurudiwarudiwa. Ukihesabu idadi ya miamala utaona jambo moja, ukihesabu thamani utaona lingine. Na zaidi, mawakala wa benki walikuwa ndiyo kwanza wanaenea, kwa kuwa kanuni zao zilitoka 2017, na kodi ile haikuwagusa.

Njia iliyo salama zaidi ni kutumia ukweli kwamba kodi ilikuwa asilimia ilhali ada ni ngazi. Chukua mfano wa ada za kubuni: kutoa 20,000 kunagharimu 800, kutoa 1,000,000 kunagharimu 12,500. Kodi ya 0.5% ni 100 kwa ya kwanza na 5,000 kwa ya pili. Gharama ya kutoa kidogo imepanda 12.5%, ya kutoa kingi imepanda 40%. Basi linganisha mabadiliko ya miamala mikubwa na ya midogo katika miezi ileile. Bado unabaki na pengo moja: mwenye milioni anaweza kwenda benki, mwenye elfu ishirini kwa kawaida hana pa kwenda. Kwa hiyo tofauti unayoipata inachanganya uzito wa kodi na upatikanaji wa njia mbadala. Liseme hilo wazi katika tasnifu, na kama unaweza, tenganisha maeneo yenye wakala wa benki karibu na yale yasiyo naye.

Kukusanya bei wewe mwenyewe

Majukwaa hayatakupa data zao. Andika barua, subiri jibu, lakini panga utafiti usiolitegemea. Kinachowezekana kwa simu mbili na bando ni kukusanya bei zinazoonyeshwa na programu za usafiri.

Chagua njia chache zisizobadilika, mfano Wandegeya hadi Ntinda na Nakawa hadi mjini. Bandika alama ya kuanzia na ya kuishia kwenye ramani kwa namna ileile kila mara. Kusogea mita 200 kunaweza kubadilisha bei kuliko mvua. Fungua programu kwa saa zilizopangwa, piga picha ya skrini, funga. Andika hali ya hewa, kama kuna foleni, na dakika za kusubiri zinazoonyeshwa. Tumia akaunti moja ya zamani na moja mpya kabisa, kwa sababu akaunti mpya hupewa ofa na ya zamani huenda inaonyeshwa bei kwa historia yake. Usiagize safari kisha ukafuta ili tu kuona bei ya mwisho. Kuna dereva ametumia mafuta kukujia, na hakuna kamati ya maadili itakayokubali.

Bei inayoonyeshwa si bei iliyolipwa. Inakuambia jukwaa linataka nini. Haikuambii nani amekubali. Kwa hiyo kutokana nayo unaweza kusema kuhusu upangaji wa bei na si kuhusu mahitaji.

Ukubwa wa sampuli ndio unaoua tasnifu nyingi hapa. Tuseme unataka kugundua tofauti ya shilingi 400 kati ya siku za mvua na siku kavu, na mkengeuko sanifu wa bei ni 1,200. Kanuni ya haraka ni 16 mara mraba wa 1,200 gawanya kwa 400, yaani 16 mara 9, unapata bei 144 kwa kila kundi. Ukikusanya 12 kwa siku, ungedhani siku 12 zinatosha. La hasha. Bei za siku moja zinafanana: kama kuna mechi Namboole, zote zimepanda. Uwiano wa ndani ya siku, yaani kipimo cha kufanana huko, ukiwa 0.3, zidisha 144 kwa 1 + (12 − 1) × 0.3, yaani 4.3. Sasa unahitaji bei 619, sawa na siku 52 kwa kila kundi. Kuongeza bei nyingi ndani ya siku moja hakusaidii sana. Kuongeza siku ndiko kunakosaidia. Afadhali bei nne kwa siku kwa miezi mitatu kuliko bei arobaini kwa siku kwa wiki mbili.

Data za watumiaji na bei isiyoonekana

Anayetafuta "bei ya data" kwenye hesabu za kampuni hataiona, na kisa kimoja cha hapa kinaeleza kwa nini. Uchunguzi wa NITA-U, mamlaka ya serikali ya teknolojia ya habari, uliotolewa mwanzoni mwa 2021, ulikuta kwamba taarifa za watumiaji wa SafeBoda zilifika kwa CleverTap, kampuni ya Marekani ya uchambuzi wa wateja, bila wao kujulishwa ipasavyo. Kampuni za aina hiyo hulipwa na wenye programu ili ziwachambulie wateja. Yaani data na pesa vinatoka mlango mmoja na kwenda upande uleule. Ukisubiri kuona pesa ikirudi kwa kubadilishana na data, utasema hakuna soko, na utakuwa umekosea. Fuata huduma: nani anapewa uchambuzi, nani anapewa matangazo, nani anapewa mkopo.

Mkopo wa simu ndio mahali data inapogeuka bei kwa uwazi zaidi. Mwaka 2015 Joshua Blumenstock na wenzake walionyesha kwa data za simu za Rwanda kwamba mtindo wa kupiga na kutuma ujumbe unatabiri hali ya kiuchumi ya mtu. Walipiga simu kwa watu 856, wakafunza modeli, kisha wakaitumia kwa wateja milioni 1.5. Wakopeshaji wa simu wanafanya jambo la jamii hiyohiyo kukadiria nani atalipa. Udhaifu wake ni kwamba utabiri unakaa sawa mpaka watu wajue unatumika. Wakishajua kwamba kuweka pesa mara kwa mara kunapandisha kiwango cha mkopo, watazungusha pesa ileile kwa wakala mara tano kwa siku. Modeli iliyofunzwa kabla ya hapo inaanza kukopesha wajanja.

Unapoandika gharama ya mkopo wa simu, usiishie kwenye ada iliyotangazwa. Mkopo wa 100,000 wenye ada ya 9% kwa siku 30 unarudishwa 109,000. Kwa mwaka, bila kulimbikiza, hiyo ni karibu 110%. Ukilimbikiza, yaani mtu anakopa upya kila mwezi ili kulipa mkopo uliotangulia, ni karibu 185%. Toa namba zote mbili. Na kama ada inakatwa mwanzoni ili mkopaji apokee 91,000 na kurudisha 100,000, ada halisi ya mwezi ni 9.9%, kwa sababu 9,000 zimegawanywa kwa kile alichopokea.

Kuhusu thamani watu wanayoiweka kwenye faragha yao, dodoso la "je, unajali faragha?" halina maana; kila mtu anajali. Weka pesa mezani. Orodha ya bei hufanya kazi vizuri: safu kumi, kutoka 500 hadi 20,000, na katika kila safu mshiriki anachagua kati ya kupokea kiasi hicho na kukupa rekodi za miamala yake ya siku 30, au kukataa. Mwisho safu moja inachaguliwa kwa kura na inatekelezwa kweli. Bila kutekelezwa, unapima maneno.

Mambo yanayoharibu jaribio hili ni ya kawaida sana. Ukilipa kwa mobile money, jina lililosajiliwa linakutokea, kwa hiyo faragha uliyokuwa unaipima umeshaichukua, lipa taslimu. Mshiriki akidhani umetumwa na URA, mamlaka ya mapato, unapima woga wa kodi. Laini ikiwa imesajiliwa kwa jina la shemeji au mwajiri, rekodi anazokuuzia si zake peke yake. Na wako watakaokubali 2,000, wakatae 5,000, wakubali 10,000. Wahesabu na uripoti idadi yao. Wakizidi mmoja kati ya kumi, tatizo ni maelezo yako.

Kisha kuna watu ambao hawakuwepo mezani. Susan Athey, Christian Catalini na Catherine Tucker waliwafuatilia wanafunzi wa MIT, na wakakuta kwamba ahadi ya piza ilitosha wengi watoe anwani za barua pepe za marafiki zao. Hapa kwetu mkopo wa simu unaoomba ruhusa ya kusoma majina yote kwenye simu ni jambo lilelile kwa kiwango kikubwa: mtu mmoja anabonyeza "kubali", mamia ya namba zinaondoka. Daron Acemoglu na wenzake walieleza mwaka 2022 kinachofuata kiuchumi. Data zangu zinapokutabiri wewe, zako zinapungua thamani kwa mnunuzi, nawe unaziuza rahisi kwa sababu zimeshajulikana nusu. Kila mmoja ameridhika na bei aliyopata na bado wote kwa pamoja wameuza zaidi ya walivyotaka. Orodha ya bei ya mshiriki mmoja haiwezi kulionyesha hilo. Ongeza kundi la pili ambalo linaambiwa, kwa ukweli, ni wangapi katika steji yao au darasa lao wamekwisha kutoa data, uone bei inashuka kiasi gani.

Takwimu za umma na mahali zilipokatika

Ripoti za robo mwaka za UCC, tume ya mawasiliano, na takwimu za mobile money za Benki Kuu ndizo za kuanzia. Zinahesabu laini na akaunti. Sensa ya 2024 ilihesabu watu milioni 45.9, takriban nusu yao chini ya miaka 18, kwa hiyo ukigawanya laini kwa watu wote unapata namba isiyo na maana. Gawanya kwa watu wazima, kisha ukumbuke wenye laini mbili. Soma tanbihi inayoeleza laini "hai" ni ipi, maana kigezo cha siku 30 na cha siku 90 hutoa nchi mbili tofauti. MTN Uganda iko soko la hisa tangu Desemba 2021 na Airtel Uganda tangu Novemba 2023, na hesabu zao za mwaka zinatenganisha mapato ya mobile money, sauti na data. Hesabu za Jumia zinapatikana kwa sababu imeorodheshwa New York tangu 2019. Vitu hivi havina malipo na havisomwi inavyostahili.

Usichore mstari mmoja unaovuka Januari 2021 kwa chochote kinachohusu mitandao ya kijamii. Facebook ilifungwa wakati wa uchaguzi mkuu wa mwezi huo na watu wakahamia VPN, programu inayoficha mtu yuko nchi gani, ambayo walishaizoea tangu kodi ya 2018. Takwimu za kimataifa zinazotambua nchi kwa anwani ya intaneti huwahesabu watu hao kuwa wako Uholanzi au Marekani. Matumizi yanaonekana kuanguka ilhali yamehamia mlango mwingine. Julai 2021 kodi ya kila siku iliondolewa, ikaja 12% kwenye bando, hivyo kuna mpasuko mwingine miezi sita tu baadaye.

Vibali na namba za simu

Utafiti unaogusa watu unahitaji kibali cha kamati ya maadili iliyoidhinishwa, kisha cha UNCST, baraza la taifa la sayansi na teknolojia. Anza miezi mitatu hadi minne kabla ya kwenda uwandani. Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019 inakuhusu wewe pia, si kampuni tu: unahitaji ridhaa, lengo lililotajwa, na uangalifu data zinapotoka nje ya nchi. Fomu ya mtandaoni ambayo seva yake iko Ulaya au Marekani tayari imezitoa nje, kwa hiyo itaje kwenye karatasi ya ridhaa. Kampuni ikikiuka sheria hiyo faini inaweza kufika 2% ya mauzo yake ya mwaka, na Julai 2025 ofisi ya ulinzi wa data iliamua kwamba hata Google lazima ijisajili hapa. Sheria ya Ushindani ya 2023, ambayo utekelezaji wake umewekwa chini ya wizara ya biashara, bado ni changa. Isome kama chanzo cha maswali zaidi kuliko cha takwimu.

La mwisho ni la kiufundi na linakosewa na karibu kila mtu. Kugeuza namba za simu kuwa msimbo kwa algoriti ya kawaida kama SHA-256 hakuzifichi. Namba za simu za mkononi hapa huanza na 7 na kufuatiwa na tarakimu nane, yaani uwezekano wa milioni 100 tu, na kompyuta ya kawaida inaweza kuzikokotoa zote ndani ya dakika chache na kumtambua kila mshiriki wako. Ongeza neno refu la siri kabla ya kukokotoa, lihifadhi kwenye diski nyingine isiyo na data, tengeneza misimbo ya faili zote kwa neno hilohilo ili ziweze kuunganishwa, na zikishaunganishwa lifute neno lenyewe pamoja na faili za awali zenye namba za simu.